Kubonyeza Mara Mbili

Mke wa Kamanda alipozikwa, watu walimshika mkono mmoja mmoja wakamwambia jikaze, naye akajikaza. Alijikaza vizuri mno, mpaka akashindwa kujilegeza. Baada ya matanga alirudi kazini, na toka hapo hakuna aliyemwona akilia, wala akicheka, wala akimfokea mtu. Hilo la mwisho ndilo lililowatia watu wasiwasi. Kamanda alikuwa mtu wa kufoka.

Hakuwa askari. Jina la Kamanda alibandikwa kazini, kwa sababu kazi yake ilikuwa kusimamia jukwaa kwenye matamasha na mikutano mikubwa. Alikaa gizani pembeni ya pazia, redio ya upepo mdomoni, akiwaambia watu lini wafanye nini. Taa ziwake. Pazia lifunguke. Boriti ya taa ishuke. Waliokaa kwenye viti hawamjui mtu kama huyo. Siku akikosea ndiyo wanamjua.

Asubuhi hiyo ukumbi ulikuwa mtupu. Viti vilikuwa vimebebanishwa ukutani, na sakafu bado ilinuka dawa ya kupigia deki. Kwenye meza mbele ya jukwaa kulikuwa na vifaa vya mawasiliano vya aina tatu, na Bosi alivizunguka mikono ikiwa nyuma, kama mtu aliyekwenda mnadani kutazama ng'ombe.

"Kamanda, leo ndiyo leo," alisema. "Hivi vitu nimeazimwa mpaka jioni tu. Wewe ndiye utakayevaa, wewe ndiye utakayechagua. Sitaki baadaye mniambie niliwaletea takataka."

"Sawa."

"Sawa nini?"

"Nitachagua."

"Ungesema hata umevipenda, basi."

"Nimevipenda."

Bosi alimtazama kidogo. "Nakwenda kuonana na watu wa tiketi. Nikirudi nipe jibu moja. Jumamosi huu ukumbi unajaa, na redio zetu zile zimechoka kuliko mimi."

Akaondoka. Wakabaki wanne. Kamanda mwenyewe. Mama Pacha, mwendesha winchi, ile mashine ya kamba inayopandisha na kushusha boriti, mwanamke mpana wa mabega aliyekuwa akisema kwamba baada ya kulea pacha wake, winchi kwake ni mtoto mtiifu. Binti wa mauzo, aliyeletwa na vifaa vyake kuja kuwaelekeza. Na Popo, fundi wa juu, ambaye siku nzima huwa kwenye mabomba chini ya paa, na ndiyo maana wakamwita hivyo. Popo alikuwa mdogo wa marehemu, tumbo moja. Yeye na Kamanda waliitana shemeji, na tangu msiba walikuwa wakizungumza habari za kamba, minyororo na betri. Habari nyingine hakuna aliyeigusa.

Sasa, kikosi kile kilikuwa na mtindo wake. Ukibonyeza kitufe cha redio ya upepo bila kusema kitu, wenzako wanasikia mkwaruzo, kch. Ukibonyeza mara mbili, kch-kch, maana yake nimesikia, niko tayari, endelea. Hakuna aliyewafundisha. Mtu wa juu ana mikono miwili na yote ina kazi, hana nafasi ya kutoa hotuba. Kila mgeni aliyejiunga nao aliudaka mtindo huo mwenyewe. Kamanda zamani alikuwa akijigamba kwamba anaweza kumtambua mtu kwa kubonyeza kwake tu. Popo hubonyeza harakaharaka kama anayebisha hodi kwa mkwewe, Mama Pacha polepole kama anayekanda unga.

Mahali ambapo mtindo huo ulikuwa na uzito kuliko pote ni kwenye kushusha boriti ya taa. Boriti ile ni chuma kirefu chenye taa nzito, na juu hufungwa mnyororo wa usalama. Kabla ya kuishusha, Popo huingiza mkono kati ya boriti na bomba, anachomoa pini, anaufungua mnyororo. Kamanda huuliza, "Juu, mnyororo?" Popo akibonyeza mara mbili, maana yake mnyororo uko wazi na mkono umetoka. Hapo ndipo Kamanda humwambia Mama Pacha, "Winchi, shusha." Mama Pacha pale alipo hamwoni Popo, pazia linamziba. Anashusha kwa neno la Kamanda. Neno hilo likitoka mapema, uzito wa chuma chote unaukaza mnyororo juu ya vidole vya mtu.

Wakaanza na redio mpya za upepo. Zilikuwa kama zile za zamani, ila nyepesi. Kamanda alipojaribu kusema, ikaingia sauti ya mlinzi wa jengo la pili.

"Nani kaziba geti na gari jeupe? Narudia, nani kaziba geti?"

"Bibi yako!" Mama Pacha akajibu.

"Nani huyo?"

"Si nimekwambia, bibi yako. Toka kwenye njia yetu."

Popo alicheka huko juu. Binti wa mauzo naye alicheka, akaziba mdomo. Kamanda alisubiri wamalize. Kisha Popo na Mama Pacha wakasema kwa wakati mmoja, redio zikapiga mluzi, na hakuna aliyesikia chochote. Lakini boriti ilishuka. Aliuliza mnyororo, ikaja kch-kch, akasema shusha, ikashuka, wakaipandisha tena.

Wakajaribu vile vya waya, vya kuvaa kichwani. Sauti ilikuwa safi kama ya mtu aliyekaa karibu nawe kitandani. Lakini Mama Pacha alipoinuka kwenda kutazama kamba, waya ulimvuta shingo akarudi kinyumenyume. Popo alitazama waya wake, akatazama ngazi.

"Shemeji, nipande na hii? Nifungwe kama ndama?"

"Usipande nayo."

"Basi hii tumeshaiaga."

Vikabaki vya tatu, vya kichwani pia, bila waya, na kijisanduku kidogo cha kubana kiunoni. Binti wa mauzo aliwavalisha mwenyewe, akavaa na chake, akawaeleza. Hivi havina kubonyeza ndipo useme. Njia iko wazi muda wote, mnaongea kama mko sebuleni, hata wote kwa pamoja. Kelele isiyokuwa sauti ya mtu, chombo kinaichuja, haifiki masikioni. Kitufe cha kiunoni ni cha kuzima kinywa chako tu, ukitaka kukohoa.

"Mmenielewa?" aliuliza.

Mama Pacha na Popo wakaitika. Kamanda naye akaitika. Alikuwa akimtazama binti akisogeza midomo, na maneno yalimpita. Siku hizi ilikuwa hivyo. Watu walisema naye akaona wanasema, akaitika pale wanaponyamaza, na mara nyingi ilitosha.

Walipokaa mahali pao, kila mtu kwenye kazi yake, vifaa vikawashwa, na Kamanda akawa na watu masikioni. Alimsikia Mama Pacha akiguna akikaa kitini. Alimsikia Popo akipanda, pumzi inakatika kila ngazi.

"Popo, unapumua kama trekta la mkopo," Mama Pacha alisema.

"Wewe umenisikia?"

"Nasikia mpaka meno yako. Una mafua?"

"Vumbi la huku."

"Vumbi gani la kukufanya uvute kamasi asubuhi yote?"

Kamanda alijua si vumbi. Alilijua jambo hilo kama unavyojua kwamba mtaa wa pili kuna duka. Lipo. Basi.

"Tunashusha," alisema. "Juu, mnyororo?"

Alisubiri kadiri alivyozoea kusubiri. Akasikia kch-kch.

"Winchi, shusha."

Boriti haikutikisika.

"Winchi, shusha."

"Sishushi."

"Mama Pacha?"

"Sijamsikia Popo."

"Mimi nimemsikia."

"Kasemaje?"

"Kabonyeza."

Kisha sauti ya binti wa mauzo ikaingia, ya adabu, kama ya mtu anayemwambia mkubwa kwamba kavaa shati ndani nje. "Samahani, baba. Hivi havipitishi kubonyeza. Hata mtu akibonyeza, hakisikiki kitu."

"Nilibonyeza," Popo akadakia, haraka mno. "Ni kweli, shemeji, nilibonyeza. Mazoea tu. Shida ni hicho chombo."

"Popo," Mama Pacha aliita. "Mkono wako uko wapi?"

Ilisikika Popo akivuta kamasi.

"Nakuuliza kama mama yako mzazi. Mkono uko wapi?"

"Kwenye mnyororo."

"Ndani au nje?"

"Ndani. Pini imekwama."

Mama Pacha akainua kidole gumba kutoka kwenye kitufe cha winchi, na wote wakamsikia akishusha pumzi.

Kamanda alikaa akisubiri hofu imjie. Alijua inapaswa kuja. Angekuwa Kamanda wa zamani, angetukana, angepiga meza teke. Alitazama mikono yake, ilikuwa imetulia. Moyo wake ulikuwa umekufa ganzi kama mguu uliokaliwa. Alichojua ni kwamba alikuwa amesikia sauti ambayo haikuwapo, na haikuweza kuwapo. Akavua kile cha kichwani, akakiweka kwenye kiti, akapanda ngazi.

Huko juu Popo alikuwa amekaa kwenye bomba, miguu inaning'inia, ameshazima kinywa cha chombo chake. Pini ilikuwa imetoka, ameishika mkononi. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Umekuja kufanya nini? Teremka. Huku si kwa watu wa umri wako."

"Vidole."

"Vipo. Hesabu." Akavionyesha, akavichezesha. "Shemeji, tusikuze mambo. Mwambie Bosi achukue zile redio za kwanza. Tumezizoea. Mimi nitabonyeza kwa nguvu mpaka mlinzi wa jirani asikie."

"Zile tukichukua, hakuna atakayejua kama ulibonyeza au ni mkwaruzo tu."

"Ndiyo uzuri wake."

Kamanda alijiegemeza kwenye nguzo. Kutoka pale binti wa mauzo alionekana mdogo, anakunja waya ambao hakuna aliyeutaka.

"Hii si mara ya kwanza," alisema.

"Ipi?"

"Ya kusema shusha kabla hujabonyeza. Nimeshafanya tangu msiba. Sema kweli."

Popo aligeuzageuza pini. "Umefanya."

"Mara nyingi?"

"Nimejifunza kuwa mwepesi. Ukiuliza mnyororo tu, natoa mkono, umefunguka haujafunguka. Leo pini ilining'ang'ania, ndiyo hivyo."

"Na ulinyamaza."

"Ulitaka niseme nini? Niende kwa Bosi nimwambie shemeji yangu hasikii? Akutoe kwenye hicho kiti, urudi ukakae kwenye ile nyumba toka asubuhi mpaka usiku unatazama ukuta? Hii kazi ndiyo inayokutoa kitandani. Dada angenilaumu."

"Dada yako amekufa. Hawezi kumlaumu mtu."

Popo alimtazama kama aliyepigwa kofi. Halafu, bila kutarajiwa, akacheka, akajifuta pua kwa mkono wa shati. "Una mdomo mbaya wewe. Dada alikuwa akisema hivyohivyo. Nashangaa mlikaaje nyumba moja."

Kamanda aliifikiria ile nyumba. Kulikuwa na kabati ambalo hakulifungua, na televisheni aliyoiwasha kwa ajili ya mwanga wake tu. Kweli, kiti kile cha pembeni ya pazia ndicho kilichobaki. Akichagua redio za kwanza, kiti ni chake, na hakuna wa kumwuliza. Popo ataendelea kuwa mwepesi. Mpaka siku pini nyingine itakapokwama na Mama Pacha atakapotii.

"Funga mnyororo," alimwambia Popo. "Tutarudia."

Akateremka.

Bosi alirudi na maji ya chupa na uso wa mtu aliyebishana. Aliwakuta wamekaa kwenye ukingo wa jukwaa kama waombolezaji, hata Popo ameshuka.

"Haya, Kamanda. Ipi?"

"Ya tatu."

"Sababu?"

"Kila mtu anasikia kila mtu. Na lazima mtu ajibu kwa mdomo."

"Safi. Hilo ndilo nililotaka. Neno moja, tumemaliza."

"Bado. Mimi nitoke kwenye kiti. Mama Pacha ndiye aongoze. Mimi nitashika winchi."

Bosi alikuwa akifungua chupa, akaacha. "Umeamkaje leo?"

"Anatania, Bosi," Popo alisema.

"Sitanii. Nimeagiza boriti ishuke na mkono wa huyu uko ndani. Nilisikia amejibu, naye hakujibu. Mama Pacha asingekataa, saa hizi tungekuwa hospitali."

Bosi aliwatazama mmoja mmoja, akitafuta wa kumwambia kwamba si kweli. Binti wa mauzo alijifanya anahesabu betri. Mama Pacha alikuwa akitazama viatu vyake. Popo ndiye aliyefungua mdomo, na Kamanda akamwahi.

"Usinitetee. Umenitetea vya kutosha."

"Mimi niongoze?" Mama Pacha alinong'ona. "Jamani, mimi nina domo, sikatai. Lakini ni domo la nyumbani."

"Ni hilohilo," Kamanda alisema. "Umekuwa winchi kwa miaka. Kila amri ninayotoa unaijua kabla sijaitoa. Nakusikiaga ukiisema chinichini."

"Unanisikia?"

"Zamani nilikuwa nasikia."

Bosi alikunywa maji, akanywa tena, kama aliyekuwa akitafuta jibu ndani ya chupa. "Jumamosi watu wanajaa humu. Mnaniua nikiwa nimesimama."

"Ndiyo maana tunaanza sasa," Kamanda alisema.

"Na wewe utaweza winchi?"

"Ni vitufe viwili, juu na chini. Akisema, nabonyeza. Asiposema, sibonyezi."

Bosi alimtazama tena. Yeye naye alikuwa amemshika mkono siku ile ya mazishi, akamwambia ajikaze. Labda alikumbuka. "Tujaribu," alisema, shingo upande. "Mama Pacha, panda kwenye kiti. Nikiona mambo yanaharibika, narudisha kila mtu kwake."

Wakabadilishana. Kiti cha winchi kilikuwa cha chini, na mbele yake hakukuwa na cha kuona ila mgongo wa pazia na kamba nene inayopanda gizani. Mama Pacha alikuwa ameacha kanga yake hapo, ameikunja kama mto. Kamanda alivaa chombo kichwani, akashika kisanduku cha winchi. Masikioni akawasikia tena, mmoja anapanda, mwingine anasafisha koo lisilokuwa na kitu.

"Haya," Mama Pacha alisema, sauti imepanda kidogo. "Haya, tunashusha. Juu, mnyororo?"

"Subiri. Pini... imetoka. Mnyororo wazi."

"Na mkono?"

"Mkono nje."

"Nionyeshe."

"Nikuonyesheje na uko huko chini?"

"Unyooshe nje ya bomba. Hapo. Nimeuona, usiurudishe. Winchi?"

Kidole gumba cha mkono wa kushoto wa Kamanda kilikuwa kimeshatambaa chenyewe mpaka kiunoni, kikabonyeza kitufe mara mbili. Kinywa chake kikazimika na kuwaka. Kwa upande wa wenzake ilikuwa sawa na mtu asiyekuwapo.

"Winchi? Kamanda, sikusikii."

"Winchi tayari."

"Unasema ndani ya gunia? Sema kwa mdomo."

"Winchi tayari!"

Alishtuka mwenyewe. Ilikuwa karibu na kufoka. Sauti ilimtoka kwa nguvu na ikamkwaruza koo, kama mlango ambao haujafunguliwa muda mrefu.

"Ndiyo hiyo," Mama Pacha alisema. "Shusha."

Akabonyeza. Winchi ikanguruma, kamba ikaanza kupita mbele ya macho yake, polepole, na chuma chote kile kikateremka mahali ambapo yeye hapaoni. Alitazama kamba. Hakusikia furaha, wala aibu, wala ile nafuu ambayo watu husema huja mtu akishasema ukweli. Alisikia mtetemo wa winchi kwenye kiganja. Huo aliusikia vizuri.

"Shemeji," Popo aliita kutoka juu.

"Eh."

"Umekula?"

Njia ilikuwa wazi. Mama Pacha alikuwa anasikia, na binti wa mauzo, na Bosi aliyekuwa amejipachika chombo kimoja cha ziada sikioni. Kwa kawaida Kamanda angesema nimekula, na mambo yakaisha.

"Sijala."

"Toka asubuhi?"

"Toka jana. Nadhani jana."

Zilisikika pumzi za watu watano, hazifuatani. Moja kati ya hizo ilikuwa yake, na alichelewa kuijua.

"Kaka, chakula baadaye," Mama Pacha alisema, na sauti yake haikuwa kali. "Boriti haijafika. Macho kwenye kamba. Endelea... endelea... simama."

Kamanda aliinua kidole.

"Imesimama," alisema.